Mtoto Mdogo Akifa Anakwenda Wapi, na Nani Atajibu kwa Ajili Yake?

Masomo: 2 Samweli 12:15-23, Ezekieli 18, Mathayo 18:1-14



Tumeombwa mara nyingi kufundisha juu ya neno hili, na mara nyingi tumelikwepa. Tulikuwa tukisema kwamba ni neno la wachungaji waliosoma seminari, si la shemasi aliyeishia sekondari. Lakini shemasi ndiye anayefika wa kwanza kwenye kilio. Ndiye anayetafuta sanduku dogo, na ndiye mama anamwuliza maswali kabla mchungaji hajafika. Kwa hiyo hatuwezi tena kunyamaza, hasa kwa sababu siku moja tulinyamaza na mtoto akaumia.

Tunawaeleza jinsi ilivyokuwa, bila kutaja majina. Mwanzo wa mwaka 2019, wakati wa mvua, surua iliingia katika mitaa yetu hapa Lubumbashi. Mnakumbuka ugonjwa ule. Ulienea katika mikoa yote ya Kongo, na mpaka serikali ilipotangaza mwezi wa nane mwaka 2020 kwamba umekwisha, ulikuwa umewaua watoto zaidi ya 7,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Mmoja wao alikuwa binti wa miezi 10 wa familia ya kanisa letu. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi 9. Mama yake alimpeleka kituo cha afya, akaambiwa chanjo zimekwisha, arudi wiki nyingine. Kabla ya wiki hiyo kufika, homa ilianza, macho yakawa mekundu, vipele vikatoka, kisha kifua kikabana. Siku ya sita akafa.

Tulipofika kwenye kilio, yule mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Akatushika mkono akasema, "Baba Shemasi, mtoto wangu hakubatizwa. Hata kubarikiwa mbele ya kanisa hakubarikiwa, tulikuwa tunangoja mume wangu arudi kazini kwake Kolwezi. Sasa yuko wapi?" Tulimjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mnaona, ndugu? Aliuliza mahali, nasi tukampa neno ambalo watu hulitumia wanapotaka kwenda kuketi na wanaume wenzao nje.

Na huko nje tulikuta maneno mengine. Ndani ya nyumba ile aliishi mvulana wa miaka 8, mtoto wa dada ya baba mwenye nyumba. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, na baba yake hakujulikana alipo. Mvulana huyo alikuwa akikojoa kitandani, na usiku aliongea ndotoni. Mama mmoja mzee akasema, "Tazameni huyu, watu wote wanalia, yeye macho makavu." Mwingine akasema alionyeshwa katika ndoto. Kabla ya bukari kuletwa, kijana alikuwa tayari ni mlozi aliyemla dada yake mdogo. Tulikuwepo. Tulisikia. Mjomba wake alipotuuliza kama inafaa aombewe, tulisema, "Mleteni Ijumaa." Tulidhani tumesema neno la hekima. Kumbe tulikuwa tumetia muhuri.

Yaliyofuata tutayasema mbele kidogo. Kwanza tufungue Maandiko, maana maswali yote mawili, la mama na la mvulana, yana mzizi mmoja: mtoto mdogo anahesabiwaje mbele za Mungu?

Tuanze na Daudi. Mtoto aliyezaliwa na mke wa Uria aliugua, na Daudi akalala chini akifunga na kuomba. Siku ya saba mtoto akafa. Watumishi waliogopa kumwambia. Lakini aliposikia, Daudi aliinuka akaoga, akajipaka mafuta, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana kusujudu, kisha akaomba chakula. Wakamshangaa. Jibu lake liko katika mstari wa 23: mtoto hatarudi kwake, bali yeye Daudi ndiye atakayemwendea. Tusome mstari huo polepole. Daudi hakusema mtoto amepotea. Alisema kama mtu aliyetanguliwa na mwenzake safarini. Kisha mkasome sura ya 18, mstari wa 33, Absalomu alipouawa. Absalomu alikuwa mtu mzima, aliyemwua ndugu yake na kumwasi baba yake. Hapo Daudi alilia kwa uchungu mkubwa, akatamani afe yeye badala yake, wala hakusema kwamba atamwendea. Baba ni yule yule, lakini kilio cha kwanza na cha pili havifanani.

Najua wako watakaotuuliza: "Shemasi, mbona mtoto yule alikufa kwa sababu ya dhambi ya baba yake? Nathani alisema wazi." Ni kweli, Nathani alisema. Lakini tazameni Nathani alimwambia nani. Alimwambia Daudi, uso kwa uso, ndani ya nyumba ya mfalme. Hakusimama mlangoni mwa mama aliyefiwa kumwambia kwamba mtoto amebeba kosa la mtu. Na Nathani alitumwa. Wewe unayekwenda kwenye kilio cha jirani na kuanza kuhesabu dhambi za wazazi, nani amekutuma?

Kuna neno jingine ambalo halisomwi sana. Wana wa Israeli walipokataa kuingia nchi ya ahadi, Mungu alitoa hukumu kwamba wote waliohesabiwa, wenye umri wa miaka 20 na zaidi, wataanguka jangwani, ila Yoshua na Kalebu (Hesabu 14:29-30). Na wadogo? Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba watoto wao watachukuliwa mateka. Katika Kumbukumbu la Torati 1:39 Mungu anajibu kwamba watoto hao hao, ambao siku ile hawakujua kupambanua mema na mabaya, ndio watakaoingia. Kambi ilikuwa moja, na walikula mana moja. Hema la baba aliyehukumiwa ndilo hema alimolala mtoto asiyehukumiwa. Mungu aliweza kuwatenganisha. Sisi ndio tunaoshindwa.

Lakini je, hakuna dhambi ya Adamu? Ipo. Zaburi ya 51 Daudi anakiri kwamba tangu kuzaliwa kwake yumo katika uovu, na Warumi 5:12 inafundisha kwamba kwa mtu mmoja dhambi iliingia na mauti ikawafikia wote. Hatuwezi kuifuta mistari hiyo ili kumfurahisha mama anayelia. Lakini tuisome kwa akili. Daudi katika zaburi ile anajihukumu mwenyewe, mtu mzima aliyezini na kuua. Hakumnyoshea kidole mtoto aliye kifuani.

Tuchukue mfano kutoka nyumba zetu. Wengi wenu mnamjua mtoto wa SS, yule ambaye damu yake ina ugonjwa wa kurithi, anayeumwa mifupa wakati wa baridi na kuongezewa damu mara kwa mara. Ugonjwa huo ameupata kwa baba na mama, wote wawili wakiwa wameubeba bila kujua. Kila wanapozaa, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuupata. Ni kweli mtoto huyo amezaliwa nao. Ni kweli utamwua asipotunzwa. Lakini ni daktari gani atakayempeleka polisi kwa kuwa nao? Atatafuta dawa. Ndivyo tunavyoielewa dhambi ya Adamu kwa mtoto mchanga: amezaliwa katika ugonjwa wa wanadamu, naye anahitaji Mwokozi kama sisi, lakini hajatenda neno ambalo ataitwa kulijibia. (Na tuseme hapa hapa kwamba watoto wa SS wamekuwa wakishtakiwa ulozi katika familia nyingi, kwa sababu wanamaliza fedha za nyumba. Aibu kwetu.)

Warumi 5 haiishii mstari wa 12. Endeleeni hadi wa 18 na wa 19. Kama kosa la Adamu liliwafikia watu wasiolitenda, je, haki ya Kristo haina nguvu ya kumfikia mtoto asiyeweza hata kuiomba? Adamu hawezi kuwa na mkono mrefu kuliko Kristo. Siku ya hukumu, kwa jinsi Ufunuo 20:12 unavyosema, vitabu vitafunguliwa na wafu watahukumiwa kwa matendo yao. Kitabu cha mtoto wa miezi 10 kina nini? Maziwa, usingizi na kilio. Mtoto huyo anaingia kwa Mungu kwa damu ya Yesu. Watu husema ni malaika, lakini yeye ni mwanadamu aliyenunuliwa kama sisi wengine.

Tusidhani kwamba wakristo wote walifundisha hivi tangu zamani. Augustino, askofu wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini katika nchi inayoitwa leo Aljeria, alifundisha kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo hawaokoki, ingawa adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulifuata njia hiyo. Baadaye walimu wengine waliona neno hilo ni gumu mno, wakafundisha juu ya limbo, mahali ambapo watoto hawateswi lakini pia hawamwoni Mungu. Bibi zetu waliosali kwa mapadri walilikuta fundisho hilo, na ndiyo maana walikuwa wakikimbia usiku na maji kumbatiza mtoto aliyezidiwa. Kanisa Katoliki halikulifanya fundisho la lazima, na mwaka 2007 tume yake ya wanateolojia ilitoa maandishi, kwa kibali cha Papa Benedikto wa 16, ikisema kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Hatuandiki haya ili kuwacheka. Walikuwa wakipigana na Maandiko kama sisi. Lakini mnaona, hata walio na vitabu vingi walitumia miaka mingi kufika mahali ambapo Yesu alikuwa ameketi tangu mwanzo, na watoto wamepakatwa mikononi mwake (Marko 10:16). Wale aliowabariki siku ile hawakuulizwa kama wamebatizwa.

Sisi katika kanisa letu tunabatiza mtu aliyefundishwa na kukiri mwenyewe. Kama tunafundisha hivyo, halafu mtoto anakufa kabla ya kufikia umri huo na sisi tunanong'ona kwamba amepotea, tutakuwa tumejenga nyumba isiyo na mlango kisha tumemlaumu aliyebaki nje.

Sasa tuje kwa watoto walio hai, maana hapo ndipo uovu wetu ulipo.

Ezekieli aliwakuta watu wa Israeli na methali yao. Walisema wazazi wamekula tunda chachu, na meno ya watoto ndiyo yaliyokufa ganzi. Ni kama sisi tungesema baba amekula embe bichi na tumbo la mtoto ndilo linalouma. Mungu aliikataza methali hiyo. Sura yote ya 18 inafafanua: baba ataulizwa ya baba, na mwana ataulizwa ya mwana. Lakini leo, katika makanisa mengi ya uamsho, na katika ya kwetu pia tusijidanganye, methali hiyo imerudi kwa jina la laana ya ukoo. Wanashika Kutoka 20:5, juu ya kizazi cha tatu na cha nne, na wanaiacha Ezekieli ikiwa imefungwa.

Tutofautishe mambo mawili. Mtoto anaweza kuteseka kwa sababu ya matendo ya wakubwa. Hilo liko, tunaliona kila siku. Baba mlevi akila mshahara, watoto wanalala njaa. Sisi watu wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika tunalijua vizuri. Simon Kimbangu alipohukumiwa mwaka 1921, mwanawe mdogo, Joseph Diangienda, alikuwa na miaka 3. Baba alifungwa hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, miaka 30, akafa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, na mtoto akawa mtu mzima bila kulelewa naye. Waamini wengi walihamishwa kwa nguvu mbali na nchi yao, na watoto wakaenda nao. Watoto wale waliteseka kwa hukumu ya wakoloni. Lakini nani atasema walikuwa na hatia? Kuteseka ni jambo moja, kuhukumiwa ni jingine. Kutoka 20 inasema juu ya la kwanza, Ezekieli 18 inasema juu ya la pili. Anayeyachanganya ataona hatia kila mahali anapoona maumivu, kama wanafunzi walioona kipofu wa kuzaliwa wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yohana 9:3 ina jibu la Yesu, nalo halikumpata mtuhumiwa hata mmoja.

Je, tunasema kwamba mtoto hana kosa kabisa? Hapana. Aliye na watoto nyumbani hawezi kusema hivyo. Mtoto wa miaka 5 anaiba sukari na kusema ni panya. Anarudishwa, anafundishwa, na tukifuata Mithali anarudiwa kwa upendo. Wajibu unaingia ndani ya mtoto taratibu, jinsi mwanga unavyoingia asubuhi, na hakuna anayeweza kusema ni dakika gani usiku umekwisha. Biblia haikuweka mwaka. Isaya 7:16 inasema tu kwamba uko wakati mtoto hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema. Samweli alikuwa akihudumu hekaluni, akilala karibu na taa ya Mungu, na bado imeandikwa katika 1 Samweli 3:7 kwamba alikuwa hajamjua Bwana. Yesu akiwa na miaka 12 aliketi na walimu, akajibu kama mtu anayejua ni mwana wa nani, halafu akarudi Nazareti akawatii wazazi wake.

Wanadamu wameweka miaka kwa ajili ya utaratibu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inahesabu kwamba mtoto akitimiza miaka 7 anaanza kuwa na akili ya kupambanua. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mkosaji katika mambo ya jinai, na hakuna ushahidi unaoweza kuligeuza hilo. Fikirini, ndugu. Jaji wa serikali, ambaye huenda hata hasali, hawezi kumhukumu mtoto wa miaka 8 kwa mauaji. Nasi tulio na Roho Mtakatifu tulimhukumu kabla ya chakula kuiva.

Turudi kwa mvulana wetu. Ijumaa hakuletwa kwetu. Mjomba wake aliona tunachelewa, akampeleka mahali pengine pa maombi. Huko aliwekwa siku mbili bila chakula wala maji ya kutosha, akiulizwa neno moja usiku na mchana. Siku ya pili akakiri. Alisema alisafiri usiku kwa ndege ya ganda la karanga, akamtoa mdogo wake kwa watu asiowajua. Habari ikarudi mtaani kwamba tazama, amesema kwa kinywa chake mwenyewe.

Ni mama mmoja wa chama cha akina mama wa kanisa letu, mjane, muuza makala, aliyekwenda kumchukua. Hakuomba ruhusa kwa wazee. Alimpa uji, kisha bukari na samaki, akamlaza. Kesho yake akamwuliza, "Mwanangu, hiyo ndege ya karanga uliiona wapi?" Akajibu kwamba aliisikia kwa mhubiri aliyepita na kipaza sauti, na watoto wa mtaa walikuwa wakiisimulia. Akamwuliza kwa nini alikubali. Akasema, "Waliniambia nikikubali nitakula."

Na yale macho makavu kwenye kilio? Alimwambia yule mama kwamba ni yeye aliyekuwa akimbeba mtoto mgongoni kila siku mama akienda sokoni, na siku ile aliogopa kwamba akilia watu watamfukuza, kwa sababu yeye si mtoto wa nyumba.

Ndugu wapendwa, tulipoambiwa haya, usiku ule hatukulala. Tulisoma Mathayo 18 mara nyingi. Mnalijua lile neno la mtoto aliyewekwa katikati ya wanafunzi. Tunalihubiri kila sikukuu ya watoto, wakiwa wamevaa mavazi meupe. Lakini tulikuwa hatujaona vizuri hukumu ya sura ile inamwangukia nani. Jiwe la kusagia la mstari wa 6 linafungwa shingoni mwa mtu mzima. Katika mstari wa 10 malaika wa watoto wako mbele za uso wa Baba, na wanaoonywa ni wakubwa. Mstari wa 14 unasema Baba hataki hata mmoja wa hawa wadogo apotee. Hakuna mahali katika sura hiyo ambapo mtoto anaitwa kutoa hesabu. Wanaoitwa ni sisi. Tukiuliza nani atajibu kwa ajili ya mtoto, Maandiko yanatutazama.

Sasa tuseme neno kwa wenye karama ya maono, maana kanisa letu ni la kinabii, nasi hatuzimi Roho. 1 Wathesalonike 5 inakataza kudharau unabii, na papo hapo inaagiza kupima yote. Ono linalomtaja mtoto kuwa mlozi lipimwe kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto hawezi kujitetea, na kwa sababu karibu kila mara mtoto anayetajwa ni yatima, au wa mke wa kwanza, au mlemavu, au yule anayekula bila mtu wa kumlipia shule. Kama Roho ndiye anayeonyesha, kwa nini haonyeshi kamwe mtoto wa tajiri? Swali hilo tumewauliza waona maono wetu watatu. Wawili walinyamaza, wa tatu alikasirika.

Halmashauri ya wazee ilikutana na kukubali mambo haya, nasi tunayakumbusha hapa kwa kuwa wengine wameanza kuyasahau. Mwenye ono juu ya mtoto atalileta kwa wazee peke yao, wala hatalisema kwenye kilio, sokoni au kwa familia. Hakuna mtoto atakayefungishwa katika nyumba ya maombi. Samweli hakufungishwa. Mtoto akiombewa, ataombewa akiwa ameshiba, kwa dakika chache, mzazi au mlezi akiwa karibu, wala hataulizwa maswali. Anayekojoa kitandani au kuongea usiku apelekwe kwanza kwa mganga wa kituo cha afya. Na kila mtu ajue kwamba Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ile ya 2009, kifungu cha 160, inamfunga mshitaki mwaka mmoja hadi mitatu. Shemasi aliyenyamaza hatajwi katika kifungu hicho. Kwa Mungu anatajwa.

Tulikwenda kwa yule mama aliyefiwa, wiki tatu baada ya maziko. Tulimwomba msamaha kwa jibu letu la kwanza, tukamfungulia 2 Samweli 12 tukamsomea taratibu. Hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza kama Daudi alijua jina la mtoto yule, maana halikuandikwa. Tukamwambia kwamba Mungu analijua. Akalitaja la mtoto wake, kwa sauti, mara ya kwanza tangu afe. Kwa mila za nyumba nyingi mtoto mchanga huzikwa haraka na mama anakatazwa kulia, eti asizuie mwingine kuja. Akina mama, lieni. Daudi alilala chini siku saba, naye alikuwa mfalme.

Mvulana ilibidi tumwombe msamaha pia. Hatukuwa tumewahi kumwomba mtoto msamaha maishani mwetu, hata wa kwetu wenyewe. Tuliketi kwenye kigoda ili tusimtazame kutoka juu. Tukamwambia kwamba tulisikia wakimsingizia na hatukumtetea, na kwamba hakumwua dada yake, ni ugonjwa wa surua uliomwua. Alisikiliza huku akichora ardhini kwa kijiti. Kisha akauliza, "Baba Shemasi, mdogo wangu alikuwa bado hajui kutembea. Huko nani anambeba?"

Tulifungua Isaya 40, mstari wa 11, kuhusu mchungaji anayewachukua wana-kondoo kifuani pake. Akasema tusome tena. Tulisoma tena. Akaenda kumwita yule mama muuza makala jikoni aje asikie naye, na tukasoma mara ya tatu.

Kijana huyo sasa ni mkubwa, anakaa bado kwa yule mama, na anapiga ngoma katika kwaya ya vijana. Ametupa ruhusa kuandika haya, ila alitaka tuongeze jambo moja: kwamba ile siku ya kilio alilia, lakini nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna aliyemwona.